KUTAMBUA SARAFU ILIYOCHOVYWA AU KUSUGULIWA

Katika nyumba nyingi za mashambani, chini ya sanduku au ndani ya kibuyu, mna sarafu za zamani zilizoachwa na babu zetu: reale ya Maria Theresa, rupia ya Wadachi, shilingi yenye picha ya simba. Sarafu hizo hazinunui tena hata chumvi dukani. Walakini wako watu wapendao kuzikusanya, na kwa baadhi yake hulipa bei ipitayo thamani ya madini yaliyomo. Na palipo na bei, mdanganyifu hakosi kufika.

Hasara zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni ya mtu auzaye mbuzi wake apate kununua kipande cha shaba kilichochovywa katika dhahabu. Ya pili ni ya mtu mwenye sarafu ya kweli, ambaye mnunuzi mwerevu humwambia, "Hii ni ya kuchovya tu," akaichukua kwa bei ya kikombe cha chai. Ya tatu, ambayo watu hawaijui, ni ya mwenye sarafu njema aisuguaye kwa majivu na ndimu ili ipendeze, akaiharibu kwa mikono yake mwenyewe. Hasara zote tatu zina asili moja: watu hutazama uso wa sarafu, wasitazame mwili wake. Basi somo letu ni hili: uso waweza kusema uongo, lakini uzito na ukingo ni vigumu kuvifundisha uongo.

MAANA YA MANENO

Kuchovya ni kuifunika sarafu ya madini duni kwa utando mwembamba wa dhahabu au fedha. Siku hizi kazi hiyo hufanywa aghalabu kwa nguvu za umeme ndani ya maji yaliyotiwa dawa. Utando wenyewe waweza kuwa mwembamba kuliko karatasi.

Kusugua ni kuing'arisha sarafu kwa mchanga, majivu, kitambaa chenye dawa, au brashi ya waya izungushwayo kwa mashine, ili sarafu iliyochakaa ionekane mpya.

Kuziba ni kujaza tundu la sarafu iliyotobolewa. Zamani wanawake wengi walivaa sarafu shingoni, nazo zilitobolewa au kutiwa pete. Baadaye mtu huliziba tundu kwa risasi ya kulehemu, kisha huchovya sarafu nzima ili kiraka kisionekane.

Kupaka weusi ni kuitia sarafu ya fedha rangi ya uzee. Fedha huwa nyeusi yenyewe kwa miaka mingi kwa sababu ya kiberiti kilichomo hewani. Mdanganyifu hupenda kuifanya kazi ya miaka hamsini kwa siku moja.

JINSI UTANDO UJISEMAVYO

Chukua kioo cha kukuzia, ukae mahali penye mwanga mwema, uitazame sarafu kwa utaratibu. Anza na sehemu zilizoinuka: shavu la mfalme, nywele zake, kifua cha ndege, mgongo wa simba. Hizo ndizo zisuguliwazo kwanza mfukoni. Ikiwa sarafu ni ya dhahabu hata ndani, pale palipochakaa pataonyesha dhahabu ile ile. Ikiwa ni ya kuchovya, pataonyesha wekundu wa shaba au ukijivu wa chuma.

Kisha tazama ukingo, yaani ubavu wa sarafu pande zote. Mdanganyifu huutengeneza uso kwa bidii kwa sababu ndio utazamwao, ukingo huusahau. Tafuta mstari uzungukao katikati kama mshono: huo ni dalili kwamba sarafu imemiminwa katika kalibu ya vipande viwili, wala haikupigwa chapa.

Baada ya hayo tazama pembe za herufi na tarakimu. Chapa ya kweli huacha pembe kali. Utando huzifunika, zikawa na mviringo kidogo, kama maandishi ya ukutani yaliyopakwa chokaa mara nyingi. Pengine utaona vipovu vidogo, au mahali utando ulipoanza kubanduka.

Iko dalili nyingine ya kutumia akili kuliko macho. Ikiwa sarafu imechakaa sana, na huku ina rangi moja ing'aayo kila mahali, juu ya uso, ndani ya mikwaruzo na katika mabonde ya herufi, jiulize: uchakavu huu ulikuja lini, na mng'ao huu ulikuja lini? Mkwaruzo wenye dhahabu ndani yake, juu ya sarafu isiyo ya dhahabu, ulikuwapo kabla ya kuchovywa. Hiyo ni ngozi mpya juu ya mifupa ya zamani.

Kadhalika weusi wa kweli wa fedha huanza polepole, hukaa zaidi katika mabonde, na hufifia kidogo kidogo. Weusi wa kupakwa huenea ghafula, au hukaa juu ya sehemu zilizoinuka, ambako vidole vingalikwisha kuufuta kama ungalikuwa wa siku nyingi.

MWANGA UZUNGUKAO

Sarafu ipigwapo chapa kwa nguvu, madini hukimbia toka katikati kwenda ukingoni, yakaacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho. Ishike sarafu mpya chini ya taa, uiinamishe na kuigeuza polepole. Utaona mwanga ukizunguka juu yake kama spoki za gurudumu la baiskeli. Mwanga huo ni zawadi ya kiwanda, wala haurudishwi na mtu ukiisha kupotea.

Sarafu iliyosuguliwa hung'aa, lakini mng'ao wake umelala kama wa sufuria. Iliyosuguliwa kwa brashi ya mashine huwa na mikwaruzo midogo mingi ielekeayo upande mmoja, na mara nyingine madini yaliyosukumwa hujikusanya kando ya herufi. Kwa hiyo atakaye kuuza sarafu yake asiisugue kwa majivu, wala ndimu, wala ukwaju, wala dawa ya meno. Wakusanyaji hupenda sarafu yenye weusi wake wa asili kuliko ile iliyooshwa ikawa nyeupe. Mtu aisuguaye sarafu njema aifanyia jambo lile lile alifanyalo mdanganyifu kwa sarafu mbaya, yaani huuondoa uso wa kweli; tofauti ni kwamba mmoja apata faida, na mwingine ajitia hasara.

MIFANO MIWILI YA MAREKANI

Mwaka 1883 serikali ya Marekani ilitoa sarafu mpya ya senti 5, ya shaba nyekundu na nikeli. Upande wa nyuma iliandikwa alama ya V tu, yaani tano kwa hesabu ya Kirumi, pasipo neno la kusema ni tano za nini. Ukubwa wake ulikaribia sana ule wa sarafu ya dhahabu ya dola 5. Mara wadanganyifu wakaichovya katika dhahabu, na wengine wakaikata meno ukingoni, kwa kuwa ile ya dhahabu ilikuwa na meno na hii haikuwa nayo. Wakaitoa madukani kana kwamba ni dola 5. Mwaka huo huo serikali ikaongeza neno la senti juu ya sarafu.

Mwuza duka mwenye mizani asingalidanganyika, maana sarafu ya nikeli ilikuwa na uzito wa gramu 5, na ile ya dhahabu gramu 8.36. Uso ulibadilishwa kwa saa moja. Uzito ulikaa vile vile.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1943, wakati wa vita. Shaba ilihitajiwa kwa silaha, basi senti moja ya Marekani ikatengenezwa kwa chuma kilichofunikwa zinki. Vipande vichache mno vilipigwa kwa makosa juu ya shaba ya mwaka uliotangulia, na leo ni vya thamani kubwa. Kwa ajili hiyo watu wamezichovya senti za chuma katika shaba, wakasema, "Tazama, ni ile adimu." Mjinga hutazama rangi; mwenye busara huleta sumaku. Chuma kitashikwa, shaba haitashikwa. Tena senti ya chuma ina gramu 2.7, na ya shaba gramu 3.11.

Wengine, wakijua habari ya sumaku, wamechukua senti ya shaba ya mwaka 1948, wakaichonga tarakimu 8 hata ikafanana na 3. Hiyo haishikwi na sumaku, na uzito wake ni sawa. Hapo ndipo kioo cha kukuzia kifanyapo kazi, maana uso uliochongwa una makovu kando ya tarakimu, na umbo la 3 ile si umbo la 3 ya kiwanda. Kwa hiyo usitosheke na dalili moja.

Mwisho, wako waliozichukua senti za 1943 zilizokwisha kuchakaa, wakazifunika upya kwa zinki ili zionekane mpya. Sarafu ni ya kweli, madini ni ya kweli, lakini uso si wa kweli. Mkusanyaji hulipa kidogo tu kwa kitu cha namna hiyo.

SARAFU YA TEMBO YA TABORA

Sasa turudi kwetu. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918 nchi ya Afrika ya Mashariki ya Wadachi ilizuiwa baharini, sarafu zisiweze kuletwa kutoka Ulaya. Ndipo mwaka 1916 Wadachi wakapiga sarafu zao wenyewe mjini Tabora, katika karakana ya reli. Mojawapo ilikuwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake, na upande wa pili tai. Dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke. Hesabu ya sarafu hizo husemwa kuwa 16,198. Septemba ya mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora.

Kwa kuwa ni chache na historia yake ni nzuri, nakala zake zimetengenezwa, nyingine za shaba iliyochovywa. Basi kumbuka hesabu hizi. Sarafu ya kweli ina upana wa milimita 22 hivi na uzito wa gramu 7.17 hivi. Dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1000. Kipande cha shaba ya manjano chenye upana na unene ule ule hakipati zaidi ya gramu 4 hivi. Tofauti hiyo hata mkono waweza kuihisi: dhahabu hukaa kiganjani nzito kuliko ukubwa wake. Mdanganyifu akitaka kuufikia uzito kwa shaba, hana budi kuifanya nene sana au pana sana, na hapo kipimo cha milimita kitamfichua.

REALE YA MARIA THERESA

Reale hii ina tarehe ya 1780, mwaka aliofariki Maria Theresa, malkia wa Austria. Lakini tarehe hiyo si ushahidi wa umri, maana viwanda vingi viliendelea kuipiga kwa tarehe ile ile: Vienna, na nyakati mbalimbali Roma, London, Paris, Bombay na kwingineko. Wafanya biashara wa Uhabeshi, Arabuni na pwani ya Afrika ya Mashariki waliizoea, wakaikataa sarafu isiyofanana nayo.

Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha iliyomo ni sehemu 833 katika 1000. Ukingo wake hauna meno. Una maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani "Haki na Huruma". Zungusha reale yako uyasome maneno hayo. Yakikosekana kabisa, shuku. Yakiwa yamefutika mahali pamoja tu, juu ya kichwa cha malkia, yamkini hapo palikuwa pamelehemiwa pete ya kuvalia, nayo imeondolewa. Sarafu ya namna hiyo ni ya kweli, lakini bei yake si ile ya sarafu nzima.

KIPIMO CHA MAJI

Zamani sana Myunani Archimedes alifundisha kwamba kitu kikizamishwa majini hupunguka uzito kwa kadiri ya maji kiliyoyasukuma. Walimu waweza kulionyesha jambo hili shuleni kwa mizani ya sonara na uzi mwembamba.

Kwanza, pima sarafu hewani, uandike uzito. Pili, weka bilauri yenye maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri. Tatu, ning'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji, isiguse chini wala kando. Hesabu itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Nne, gawanya uzito wa hewani kwa hesabu hiyo.

Reale njema ya gramu 28.07 itasukuma maji ya gramu 2.75 hivi, jibu ni 10.2. Shaba ya manjano hutoa 8.5 hivi. Sarafu ya tembo ya Tabora hutoa kati ya 15 na 16. Utando wa juu, hata ukiwa wa dhahabu safi, ni mwembamba mno kulibadilisha jibu. Kipimo hiki hakikwaruzi wala hakiachi alama. Ukiisha, ikaushe sarafu kwa kitambaa laini kwa kuigusa-gusa, bila kuisugua. Lakini mizani iwe yenye kusoma sehemu ndogo za gramu, maana kwa sarafu ndogo kosa dogo la mizani huleta kosa kubwa katika jibu.

TAHADHARI ZA KUMWEPUKA HUKUMU YA HARAKA

Si kila kinachoshikwa na sumaku ni cha uongo. Serikali nyingi zimetoa sarafu za chuma kilichofunikwa. Peni ya Uingereza tangu mwaka 1992 ni chuma kilichofunikwa shaba. Wala si kila kisichoshikwa ni cha kweli, maana shaba na risasi hazishikwi. Ni lazima kwanza ujue sarafu hiyo ilipaswa kuwa ya madini gani.

Tena si kila reale au shilingi iliyogeuka rangi imechovywa. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ya tangu 1921 hata 1946 ilikuwa na fedha sehemu 250 tu katika 1000, yaani robo. Na iliyotolewa tangu 1948 haikuwa na fedha kabisa, ila shaba na nikeli. Usitazamie robo ya fedha ikae kama fedha kamili. Mwenye shilingi ya namna hiyo asikubali kuambiwa kwamba babu yake alidanganywa.

Kuhusu uzito, kumbuka kwamba kuchakaa hupunguza, wala hakuongezi. Rupia ya Wadachi ilitoka kiwandani na gramu 11.66, ukiiona ina gramu 11.4 na uso wake umechakaa, si ajabu. Ukiiona ina gramu 12.5, simama uulize.

Na katika kupima, usiipige tupa, usiimwagie tindikali, usiiume kwa meno. Vipimo hivyo huonyesha kweli kwa kuiua sarafu.

UTARATIBU WA KUFUATA

Mtu akikuletea sarafu, au akitaka kuinunua yako, fuata njia hii. Ijue kwanza kwa jina, mwaka na madini yake. Ishike ukingoni, wala si usoni. Ipime uzito na upana. Ilete karibu na sumaku. Itazame ukingo, kisha sehemu zilizoinuka, kisha pembe za herufi. Igeuze chini ya taa. Ikiwa shaka ingaliko, ipime majini. Dalili zikipatana, una msingi wa kuzungumza bei, zisipopatana, ngoja. Na sarafu ikiwa ya thamani kubwa, ipeleke kwa mtaalamu, au kwa sonara mwaminifu, kabla ya kutoa au kupokea chochote.

Mtu mwenye sarafu ya kweli hachukii ikipimwa mbele yake. Yule asemaye, "Nina haraka, basi linaondoka, amua sasa," amekwisha kukupa dalili moja zaidi. Wazee walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

ZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Reale imepimwa hewani ikaonekana gramu 28. Majini imesukuma gramu 3.3. Gawanya, kisha useme yamkini ni madini gani yaliyofunikwa kwa fedha. Je, mdanganyifu alifanyaje hata uzito wa hewani ukawa sawa?

2. Senti ya Marekani ya mwaka 1943 ina rangi ya shaba, haishikwi na sumaku, na uzito wake ni gramu 3.11. Je, hiyo yatosha kusema ni ile adimu? Eleza ni nini kingine utakachokitazama.

3. Bibi ana rupia mbili: moja nyeusi isiyoguswa, na moja iliyosuguliwa kwa majivu ikang'aa. Eleza ni ipi ambayo mkusanyaji ataipenda, na kwa sababu gani.